Deni la Msanifu

Wahenga walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Methali hiyo ilitungwa wakati mkosaji na jirani zake walikaa kitongoji kimoja. Katika vyombo vya elektroniki mambo ni kinyume: mchumaji hukaa mbali, na janga huliwa na watu asiowajua. Yafaa basi kuuliza kama msanifu wa chombo ana deni kwa mtu wa mwisho kukishika.

Itazamwe simu ya mkononi. Zamani betri yake ilitolewa kwa ukucha. Leo, katika simu nyingi, imegandishwa kwa gundi. Uamuzi huo ulikatwa mezani, mbali na Dar es Salaam, lakini fundi wa Temeke au Kinondoni ndiye alazimikaye kuipasha simu moto na kuibandua betri ambayo ikitoboka huweza kuwaka. Akishindwa, simu hufa kwa ubovu mdogo. Mabaki huangukia mikononi mwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nyaya zichomwapo ili shaba ipatikane, moshi wake huwa sumu kwa mchomaji na kwa watoto wa jirani.

Mtu aweza kusema kuwa msanifu hakuamuru nyaya zichomwe, na kwamba urahisi wa bei umemfaa maskini, ambaye tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 simu imekuwa mkoba wake wa fedha. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kutojua ni udhuru wa asiyeweza kujua. Umoja wa Mataifa umetangaza kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na kwamba zilizokusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Wala gundi si lazima: sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 iliagiza kwamba kuanzia 2027 betri za simu ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Lililowezekana kwa amri liliwezekana kwa hiari.

Serikali nazo zina sehemu yao. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 ulikataza taka za sumu kuingizwa Afrika. Hata hivyo simu haiingii bandarini kama taka; huingia kama bidhaa, kisha hugeuka taka mikononi mwa mnunuzi. Mlinzi wa mlangoni hawezi kuzuia kilichofichwa ndani ya umbo la kitu chenyewe. Kwa hiyo haki haina budi kuanza pale umbo linapochorwa. Aliyejua, na akaweza kuchagua vingine, ana deni. Na umbali wa mdai haulifuti.