Deni la Mla Matunda

Je, msomaji kijana, mtu ana wajibu kwa watu ambao hatawaona kamwe? Na tulipime swali hili kwa mti mmoja.

Mvumo ni mti wa jamii ya mnazi, wenye majani mapana kama kipepeo cha kupepea moto. Haumei Tetu, kwa sababu ya baridi. Kwao ni nchi za joto, kama pwani na bonde la chini la mto Tana. Mche wake huzama kwanza ardhini, ndipo jani hutokeza juu. Kwa hiyo ni vigumu kuuhamisha, na kokwa huzikwa pale mti utakapokaa. Kisha mpanzi hungoja miaka 20 au zaidi. Ni siku ya kuchanua tu ajuapo kama mti wake ni jike, wenye matunda ya kuliwa, au ni dume, usiozaa. Tena una chipukizi moja tu kileleni: mgema akilikata ili apate tembo, mti hufa.

Mgema mwenye dhiki aweza kuuliza, "Hao wajao wamenitendea nini?" Hoja hii si ya kudharauliwa, njaa ni bwana mkali, na mwenye njaa asilaumiwe upesi. Walakini mwenye shibe hana udhuru. Mti aukatao aliukuta. Aliyeupanda hakumjua wala hakumdai. Deni hilo halilipiki kwa marehemu. Hulipwa kwa wajao, au halilipwi kabisa.

Wala usidhani kuwa haya hayawahusu watu wa milimani. Maji yashukayo Nyandarua na kupita Tetu huingia Sagana, na Sagana ndio mwanzo wa Tana; anayelinda chemchemi huku juu humnywesha mtu wa mbali asiyemjua. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe katika Tetu mwaka 1940, alianzisha mwaka 1977 chama kilichowaongoza wanawake kupanda miti kwa mamilioni. Alifariki mwaka 2011, na katika kivuli cha miti ile wapo watoto waliozaliwa baada yake.

Basi wajibu wetu si kujinyima kila kitu. Ule matunda, ewe kijana, lakini kichwa cha mti ukiache. Na kokwa ibakiayo mkononi mwako, izike.