Judo Huanza kwa Kuanguka

Judo, iliyoasisiwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882, humfundisha mtu kuanguka kabla ya kumwangusha mwenzake. Kidevu hubanwa kifuani, mkono hupiga mkeka, pumzi hutoka. Hofu ikipungua, haraka ya kugombana nayo hupungua. Anayekabwa shingo hugonga mkeka mara mbili, na mkabaji sharti aachie papo hapo, hata akiwa amepandwa na hasira. Kwa kijana wa Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, au wa mtaa wowote ule, kuachia huko pengine ndilo somo gumu kuliko yote. Mkanda mweusi ni nyongeza tu. Hata hivyo, mchezo huu waweza kumfikisha mtu mbali: Mrundi Antoinette Gasongo alishindana katika judo kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016.