Sadaka ya Seli na Sadaka ya Mtu

Katika nyanda za kati za Tanzania maji ni mgeni wa muda. Mvua za Dodoma aghalabu huanza mwezi wa Desemba na kukoma Aprili, na wastani wake kwa mwaka ni pungufu ya milimita 600. Madimbwi hujaa, hukaa siku zake, kisha hukauka mpaka tope likapasuka. Kiumbe cha maji ya namna hii hakina budi kufa, au kupata njia ya kupita katika kifo.

Njia hiyo anayo mwani wa kijani wa maji baridi aitwaye Voloksi. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alimwona mwaka 1700 kwa hadubini yake, na mwaka 1910 Mwingereza G. S. West alieleza spishi yake moja kutoka Ziwa Albert, akaipa jina la Afrika. Voloksi ni tufe dogo mfano wa kichwa cha pini. Katika spishi iliyochunguzwa zaidi, tufe lina seli ndogo zipatazo 2,000 na seli kubwa zipatazo 16. Ndogo zina mijeledi. Huogelea na kulipeleka tufe kwenye mwanga, lakini hazizai. Kubwa haziogelei, kazi yake ni kuzaa. Watoto wakikomaa hutoka, na seli zilizowabeba hufa baada ya siku chache. Katika uzazi wa jike na dume hupatikana mbegu zenye ganda gumu, ambazo huweza kulala katika tope kavu hata mvua irudi.

Mwishoni mwa karne ya 19 mwanazuoni wa Ujerumani, August Weismann, aliona katika tufe hili mwanzo wa mauti ya mwili. Kiumbe cha seli moja hujigawa kikawa viwili, kisiache maiti, Voloksi huacha. Elimu ya baadaye imeonyesha kuwa jeni iitwayo regA huzizuia seli ndogo kuzaa. Jeni hiyo ikiharibika, seli hizo hupoteza mijeledi, hunenepa na kuzaa, na tufe hukosa waogeleaji.

Hapa huzuka swali la maadili. Ikiwa mwili husimama kwa sadaka ya wengi, je, ni haki watu wengi nao watolewe ili taifa lisimame? Wako waliojibu kuwa ni haki, wakisema kuwa dola ni mwili na raia ni viungo vyake.

Ugogo una ushahidi juu ya jibu hilo. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Ukame ulipofuata, njaa iliyoitwa Mtunya iliua maelfu ya watu kabla ya mwaka 1920 kwisha. Walionyang'anywa hawakuulizwa, na dola zilizopigania ushindi hazikuwa zao.

Mfano wa tufe hauwezi kuhalalisha jambo hilo. Seli zote za tufe zimetoka katika seli moja na zina urithi mmoja. Inayokufa huendelea katika inayozaa. Mtoto aliyekufa kwa njaa Ugogo hakuendelea katika askari aliyekula nafaka ya baba yake. Tena seli haiwezi kukataa, kwa hiyo haina sifa wala lawama. Mtu aweza kukataa, na kwa sababu hiyo kukubali kwake kuna thamani. Sadaka isiyo na hiari ni unyang'anyi uliovikwa jina jema.

Walakini haifuati kuwa kila mtu aishi kwa nafsi yake tu. Jamii ambayo kila mmoja ataka kuzaliwa matunda, asiwepo wa kuogelea, itazama kama tufe lililopoteza regA. Mama anayelala njaa ili mwanawe ale hatendi upumbavu. Ameona, amepima, amechagua. Basi mwenye kudai sadaka kwa wengine apaswa kuulizwa mambo mawili: waliotolewa walikubali, na yeye mwenyewe ametoa nini?