"NILIAMRIWA": JE, NENO HILO LINATOSHA MBELE YA MGONJWA?



Ndugu Waislamu, wazee wetu, mama zetu na vijana. Katika karatasi hii ya Ijumaa tumezoea kuzungumza juu ya amana: mali ya yatima, deni, siri ya jirani. Leo tuzungumze juu ya amana ambayo wengi wetu tunaiacha mikononi mwa mtu bila hata kumwuliza jina. Amana hiyo ni mgonjwa wetu aliyelala hospitalini usiku. Sisi tumerudi nyumbani, daktari naye amekwenda kupumzika. Anayebaki ni muuguzi.

Swali letu ni hili. Muuguzi akipewa amri na mkubwa wake, naye anaona kwamba amri ile itamdhuru mgonjwa, afanye nini? Akitii na mgonjwa akadhurika, je, anaweza kusema, "Mimi niliamriwa tu," na jambo likaishia hapo?

Anayeandika maneno haya ni muuguzi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si vizuri kuwahubiria wengine nikajificha mimi.

Ilikuwa katika miaka ile simu za mkononi zilipokuwa ndiyo kwanza zinaingia kwetu. Tulikuwa na wagonjwa wawili wa malaria kali wenye jina moja, mmoja ni mzee, mwingine ni mtoto wa miaka 2 mwenye kilo 12. Usiku mtoto akashikwa na degedege. Nikampigia daktari simu. Nilitaja jina la mgonjwa, sikutaja umri wala kilo. Daktari akajibu, "Tia kwinini miligramu 600 katika serumu, upesi."

Miligramu 600 ni kipimo cha mtu mzima. Mtoto hupewa miligramu 10 kwa kila kilo, yaani huyu ni 120, na hata kile kipimo cha kwanza kinachozidishwa mara mbili hakipiti 240. Kwinini ikizidi sana huweza kusimamisha moyo. Hesabu hiyo niliijua vizuri. Lakini sauti ya simu ilikuwa ya daktari, mama wa mtoto alikuwa analia, nami nikavunja ampuli.

Wakati ule akaingia mwenzangu wa zamu, mama mmoja wa makamo aliyekuwa upande wa materniti. Alikuja kuomba sindano. Akatazama ampuli, akatazama kitanda, akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtoto ana kilo ngapi?" Nikasema 12. Hakunigombeza. Akauliza tena, "Na dawa hiyo ni ya nani?" Hapo mikono yangu ikasimama.

Nilipompigia daktari mara ya pili alikasirika: "Nani daktari hapa, mimi au wewe?" Nikamsomea fishi: mtoto, miaka 2, kilo 12. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilidhani ni yule mzee. Tia 240, pole pole, kwa saa 4." Mtoto yule alirudi kwao mzima. Mama yake hakujua kitu.

Ndugu zangu, tangu usiku ule siwezi kusema kwamba anayekosea kazini ni mjinga tu. Mimi nilijua. Mtu angeniuliza mchana, "Utafanyaje ukiamriwa hivi?" ningejibu sawasawa kabisa. Elimu ilikuwamo kichwani, lakini haikufika mkononi. Kilichoifikisha ni swali la mwenzangu.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Marekani daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Charles Hofling, pamoja na wenzake walitangaza mwaka 1966 jaribio walilofanya hospitalini. Mtu aliyejiita daktari, ambaye wauguzi hawakumjua, alimpigia simu muuguzi aliye peke yake zamuni na kumwambia ampe mgonjwa miligramu 20 za dawa fulani. Juu ya kopo iliandikwa wazi kwamba kipimo kisichopitwa kwa siku ni miligramu 10. Tena sheria ya hospitali ilikataza kupokea amri ya namna ile kwa simu. Dawa yenyewe ilikuwa sukari tupu, lakini muuguzi hakujua. Kati ya wauguzi 22, waliokuwa tayari kuitoa ni 21, wakazuiwa kabla hawajamfikia mgonjwa. Na wauguzi wengine 12 walipoulizwa tu kwa maneno wangefanyaje, 10 walisema wasingetoa.

Tazameni umbali uliopo kati ya ulimi na mkono.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1977 watafiti wengine wa huko huko walirudia jaribio kwa njia nyingine. Safari hii dawa ilikuwa ile ambayo wauguzi waliijua, na waliweza kuzungumza na wenzao kabla ya kutenda. Kati ya wauguzi 18, waliokuwa tayari kutii walikuwa 2 tu. Hatuna haja ya kufikiri kwamba hawa walikuwa na imani au ujasiri kuliko wale wa kwanza. Waliijua dawa, na walikuwa na mtu wa kumwuliza.

Sisi Waislamu neno la mashauri tunalijua. Tunalisema tunapotafuta mchumba, tunapogawa urithi, tunapojenga msikiti. Kwa nini tusilipeleke kwenye kitanda cha mgonjwa? Uuguzi si kazi ngeni katika dini yetu. Wakati wa vita vya Handaki, mwaka 627, Saad bin Muadh alipojeruhiwa alipelekwa katika hema la Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam, lililokuwa msikitini Madina. Mtume s.a.w. alimkabidhi mama yule mmoja wa maswahaba wakubwa. Kukabidhiwa mtu si sawa na kutumwa sokoni.

Basi jibu letu ni lipi? Tunasema amri inagawa mzigo, haiuondoi. Daktari angebeba wake kwa kutouliza, nami ningebeba wangu kwa kutia kile nilichojua kuwa kibaya. "Niliamriwa" inaeleza jambo lilivyotokea. Haimtoi mtu katika dhamana yake.

Mwingine atasema: kila muuguzi akifuata moyo wake, hospitali itakuwa na vichwa kumi. Ni kweli, na lazima tumjibu. Tunakumbuka Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, na watu zaidi ya 2,200 wakafa. Wakati ule kulikuwa na amri nzito: usiguse maiti, usimkumbatie mgonjwa, usiingie bila mavazi ya kujikinga. Amri zile ziliuma moyo, nasi Waislamu tuliumia kwa ajili ya kuosha maiti zetu. Lakini aliyezivunja kwa huruma aliweza kuipeleka maradhi nyumbani kwake na kwa jirani. Kwa hiyo si kila amri inayouma ni amri mbaya. Kipimo si jinsi ninavyojisikia mimi. Kipimo ni hiki: amri hii inamlinda mgonjwa na watu, au inamdhuru? Na jibu lake halitafutwi na mtu mmoja gizani ikiwa kuna mwenzake wa kuulizwa.

Njia yenyewe ina adabu zake. Muuguzi ataje umri na kilo kila anapopiga simu. Arudie amri kwa sauti ili aliyeitoa aisikie tena. Akiona shaka, aulize kwa heshima. Mkubwa akisisitiza, amwombe aje mwenyewe aandike kwenye fishi. Na kama hatari ni wazi, asitie kwa mkono wake, bali apeleke jambo kwa aliye juu zaidi. Leo dawa ya malaria kali ni sindano ya artesunate, lakini kilo ni zile zile: aliye chini ya kilo 20 hupimiwa miligramu 3 kwa kilo, aliyefika 20 na kuendelea 2.4. Kosa langu bado linaweza kurudi.

Kwa wakubwa wa kazi tunasema: ukimfokea mtu kwa swali la leo, umelinunua kimya chake cha kesho, na huenda mgonjwa wa kesho akawa mtoto wako.

Na sisi jamaa za wagonjwa tusijitoe. Ni sisi tunaompigia muuguzi kelele atie serumu hata pasipo haja. Ni sisi tunaomtilia noti mkononi ili wetu atangulizwe kabla ya aliye mahututi. Wauguzi wengi wa nchi yetu wanasubiri mshahara mpaka wanachoka, na noti ile ni nzito kwao. Tunapoipinda hukumu ya muuguzi leo, tusishangae akipindwa na mwingine kesho.

Mama yule wa materniti hakupewa cheti wala zawadi kwa usiku ule. Aliuliza maswali mawili, akachukua sindano yake, akarudi kwa wazazi wake. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu wa kuuliza, na watu wanaokubali kuulizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.