Jumanne: Kabla Hajajulikana

Soma Kutoka 23:9 na Mambo ya Walawi 19:33, 34. Mungu anatoa sababu gani ya kutaka mgeni atendewe mema?

Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini. Akiwa bado mtoto mdogo, familia yake ilikimbilia Uganda, ng'ambo ya Ziwa Victoria, naye akakulia Kawempe, Kampala. Mwaka 2024, akiwa na miaka 17, aliichezea Sudan Kusini mpira wa kikapu katika Olimpiki ya Paris. Mwaka 2025 alikuwa wa 10 kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani.

Leo wengi wangependa kupiga naye picha. Lakini Bwana hakuwaagiza Israeli wampende mgeni mwenye kipaji. Aliwakumbusha kwamba wao wenyewe walikuwa wageni Misri, hivyo wanaujua moyo wa mgeni. Hata Yesu alichukuliwa kwenda Misri akiwa mtoto mkimbizi (Mathayo 2:13-15), kabla hajatenda muujiza wowote.

Hapa Mwanza, kijana mmoja kutoka Burundi alikaa benchi la nyuma Sabato tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha darasa lile, wala sikumwuliza jina lake. Sabato ya nne hakuja. Hadi leo sijui alikokwenda.

Je, Sabato hii ni nani aliyeketi nyuma katika darasa lenu? Mtafanya nini kabla ya kipindi kwisha ili ajue kwamba yu nyumbani?