Boga Lina Kosa Gani?

Mafungu ya kusoma: 1 Wakorintho 8, 1 Wakorintho 10:19–33, 2 Wafalme 18:1–6, Mhubiri 9:4–10.

Ifikapo tarehe 31 Oktoba, nyumba nyingi za Marekani na Kanada huwa na boga mlangoni. Limekatwa juu, limetolewa mbegu, limechongwa macho na meno, na ndani yake unawaka mshumaa. Jioni watoto waliovaa kama wachawi, mizuka na mifupa ya watu hupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Hiyo ndiyo Halloween. Familia za Kiadventista zilizohamia huko kutoka Kongo, Burundi au Tanzania mara nyingi huletewa habari yake na mtoto: darasa lina sherehe, kila mmoja avae vazi lake. Baba anajibu kwamba maboga yale yana mapepo. Mtoto anauliza mbona juzi mama alipika boga na wote wakala.

Swali la mtoto huyo lastahili jibu. Je, kitu huwa kiovu chenyewe? Au huchafuliwa na asili yake? Au ubaya umo katika kile mtu anachokifanya nacho leo?

Wengi hukimbilia asili. Huko Ireland, kabla ya Ukristo kuenea, mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi uliadhimishwa kwa sikukuu iliyoitwa Samhain, na watu waliamini kwamba wakati huo roho huwa karibu na walio hai. Kufikia karne ya 9 kanisa la magharibi lilikuwa limeiweka sikukuu ya watakatifu wote tarehe 1 Novemba, na jina Halloween maana yake ni mkesha wa sikukuu hiyo. Desturi za kale na za kanisa zikachanganyika. Lakini boga halikuwamo. Waireland walichonga tanipu, na jumba la makumbusho la taifa lao limehifadhi mfano wa tanipu moja ya Donegal yenye uso wa kutisha kuliko boga lolote. Boga ni zao la Amerika; mbegu zake zilizopatikana katika pango la Oaxaca, Mexico, zina umri wa miaka ipatayo 10,000. Wahamiaji kutoka Ireland na Scotland walipofika Marekani walikuta tunda kubwa lenye nyama laini, rahisi kuchonga. Boga liliingia katika usiku huo kwa kuchelewa sana.

Hata tarehe yenyewe haina mwenyewe mmoja. Ilikuwa 31 Oktoba 1517 Martin Luther alipotoa hoja zake 95 dhidi ya uuzaji wa vyeti vya msamaha, vyeti ambavyo watu walinunua hata kwa ajili ya ndugu zao waliokufa. Siku iliyofuata, katika kanisa la ngome ya Wittenberg, masalia ya watakatifu yalikuwa yaoneshwe kwa umati. Usiku uleule ambao wengine hucheza na mizuka, Waprotestanti hukumbuka mtu aliyekataa biashara iliyojengwa juu ya hofu ya wafu.

Haiti nako boga lina habari nyingine kabisa. Kila tarehe 1 Januari watu hupika supu ya boga iitwayo joumou, kukumbuka uhuru wao wa mwaka 1804. Wahaiti husimulia kwamba watumwa waliipika supu hiyo kwa ajili ya mabwana zao bila ruhusa ya kuionja. Walipokuwa huru, wakaila. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni. Nani angemwambia bibi wa Port-au-Prince kwamba bakuli lake lina mapepo?

Biblia nayo haitoi hukumu kwa asili peke yake. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu. Asili njema kuliko hiyo haipatikani. Hata hivyo Hezekia alimvunja, kwa kuwa watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Nyama ya sokoni Korintho huenda ilitoka madhabahuni pa sanamu, asili mbaya mno, na bado Paulo aliwaruhusu waumini kuinunua bila kuulizauliza. Kilichotazamwa pande zote mbili ni matumizi ya sasa, na dhamiri ya anayetazama.

Basi yule baba amekosea katika sababu yake, ingawa huenda amefanya vema kumzuia mtoto. Anayeogopa boga kwa kudhani limebeba roho amekwisha kukubali fundisho analotaka kulipinga. Mhubiri anasema wazi kwamba wafu hawana habari ya jambo lolote. Neno la kumwambia mtoto ni kwamba mchezo ule husimulia habari za wafu wanaotangatanga, na habari hizo si kweli. Tena darasani au kanisani aweza kuwapo aliyetoka juzi tu kwa waganga, ambaye vazi la mzuka kwake si mzaha hata kidogo. (Na wapo Afrika Mashariki wanaoicheka Halloween kuwa upuuzi wa Wazungu, kisha msiba ukitokea wanachangia pombe ya kumwagwa kaburini.)

Penye ugumu zaidi ni Mexico. Tarehe 1 na 2 Novemba familia nyingi huandaa meza ya marehemu, na juu yake huwekwa boga lililopikwa kwa sukari guru na mdalasini; mpishi wa Tanga angelitambua, ila angeulizia tui la nazi. Hapo hakuna vinyago vya kutisha. Pana upendo, na imani kwamba marehemu anarudi. Mfikirie binti aliyebatizwa karibuni, ambaye mama yake amempikia baba aliyekufa, na sasa anamsogezea binti sahani. Akila, mama ataona kwamba wote wawili wanamngojea baba usiku huo. Akikataa, mama ataona kwamba binti amemsahau baba. Paulo anashauri asile, kwa ajili ya yule aliyemwambia kwamba chakula kimetolewa sadaka. Lakini hajamkataza kwenda na mama kusafisha kaburi, kuketi naye hadi usiku wakizungumza habari za baba, wala kumwomba siku nyingine, meza ikiisha kuondolewa, amfundishe kupika boga lile. Kama mama ataona hayo yanatosha, hakuna awezaye kumwahidi binti.