Kinu Kinauzwa

Mla dona anajua: nafaka isipokobolewa, pumba na kiini hubaki ungani. Mmarekani Bob Moore alilijenga jina lake juu ya unga wa namna hiyo. Miaka ya 1970, baada ya kusoma kitabu kuhusu kinu cha kale, alisaka mawe ya kusagia, akafungua kinu mjini Redding, California, pamoja na mkewe Charlee na wana wao.

Baadaye mzee akastaafu. Mwana mmoja akabaki na kinu, na wazazi wakahamia Oregon ili wasome Biblia katika lugha zake za asili. Siku moja, wakitembea huku wakikariri msamiati, wakaona kinu kikuukuu kinauzwa. Kiebrania na Kigiriki vikasubiri! Mwaka 1978 Bob's Red Mill ikaanza kusaga.

Miaka 10 baadaye mtu alikitia moto, kikateketea. Bob alikuwa na miaka 59, umri wa kuhesabu kiinua mgongo. Akajenga upya, mjini Milwaukie.

Wanunuzi wa kampuni hawakukosekana, na wana alikuwa nao. Hata hivyo Februari 15, 2010, siku aliyotimiza miaka 81, aliwatangazia wafanyakazi wake zaidi ya 200 kwamba kampuni itakuwa yao, kupitia mpango wa hisa. Nakiri, ningekuwa mwanawe ningenuna kidogo. Kufikia 2020 hisa zote zilikuwa za wafanyakazi, naye Bob alikuwa hai kuliona hilo.